Nilivyokimbiza Gari la Meneja na Beseni la Maji

Mkasa huu sikupanga kuusimulia, maana kila ninapouanza masikio yanashika moto, lakini wengine wanausimulia vibaya (nimesikia pale Kitai kwamba nilikuwa nimelewa, na mwingine akasema nilikuwa namfuata meneja kwa mambo ya mapenzi, Mungu amsamehe), kwa hiyo bora niuseme mwenyewe na aibu yake yote. Ndiyo, ni mimi niliyekimbiza gari la kampuni mchana kweupe, mbele ya watu wa vilima viwili, nimevaa fulana inayonifika magotini, nimeshika beseni la maji ya kunawa na taulo begani, na gari lenyewe liliposimama ikawa aibu kubwa kuliko kama lingepita moja kwa moja.

Mimi naitwa Otilia na ndiye mkubwa kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hatujamaliza kuzoea kumkosa baba, nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu Yustina na Wolfram, na shamba la mteremkoni. Wasiojua Mbinga niwaeleze shamba la mteremkoni ni nini. Huku kwetu unalima ubavu wa mlima, na mlima haulimwi ovyo: nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama fremu za dirisha, halafu udongo unachimbwa katikati na kuzifunika zile nyasi, yanabaki mashimo mlima mzima, ndiyo tunayaita ngolo, na mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kuondoka na shamba lako mpaka bondeni. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Ukiifanya peke yako, wakati wa kupanda maharage unapita wewe bado uko robo ya shamba.

Kwa hiyo watu wanaitana. Hiyo tunaiita ngokela. Mwenye shamba anapita nyumba kwa nyumba kuita, watu wanakuja na majembe yao, yeye mwenyewe anakuwa wa kwanza kuingia shambani, na kazi ikiisha ananawa mikono pamoja nao, anaonja chakula wa kwanza wakimtazama, kisha anasema kwa kinywa chake kwamba na yeye ataenda kwao watakapomwita. Akishasema ndipo watu wanakula. Hakuna anayelipwa. Ila ukiitwa usiende, au ukala cha watu usirudishe, basi mwaka unaofuata utaita mpaka koo likauke na shambani utakuwa wewe na jembe lako.

Sisi watoto watatu tuliishi kwa hiyo ngokela. Baba na mama walikuwa hawakosi kwa mtu, hata mama akiwa na homa alikuwa anakwenda angalau kuchota maji, na walipofariki watu wakaendelea kuja kwetu kana kwamba bado wapo. Nilikuwa naita, wanakuja. Kilima chetu kililimwa kila mwaka, maharage yakapatikana, mahindi yakapatikana, Yustina akaendelea na shule. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo nililokwenda kulichezea.

Sasa, msimu wa kahawa nafanya kibarua kwenye kiwanda kidogo cha kumenya na kuosha kahawa (jina la kampuni silitaji, bado nakula kwao). Wakulima wanaleta kahawa mbivu, mashine inaimenya, inaoshwa, halafu sisi tunaianika kwenye meza ndefu za wavu na kuigeuza kutwa nzima ili ikauke sawasawa. Meneja wetu, Bwana Fadhili, siyo mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakapofika mbele mtasahau. Ni kijana wa mjini, anasalimia watu, anakumbuka majina, na mwaka ule alikuwa ametoka semina akarudi na maneno mapya. Akatukusanya wote kwenye ghala, vibarua na wa kudumu, akabandika karatasi za rangi ukutani, akasema dunia imebadilika, kampuni zinazoendelea ni zile ambazo mawazo yanatoka kwa mfanyakazi wa chini kabisa, kwamba kuanzia siku ile pale hapakuwa na bosi, sote ni familia, na mtu akitoa wazo likafanya kazi atafikiriwa ajira ya kudumu.

Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Haikuwa kwamba watu hawakuwa na mawazo. Ni kwamba mwaka wa nyuma fundi mmoja alisema mfereji wa maji machafu uhamishwe, meneja aliyekuwepo akamsifu sana, halafu akamwambia basi uhamishe, na jamaa akachimba mfereji Jumapili yake yote bila hata kupewa soda. Watu wanakumbuka vitu kama hivyo.

Lakini mimi nilisikia mawili tu, familia na ajira ya kudumu. (Nilipaswa kujiuliza ni familia gani inayomwita mtoto msimu wa kahawa na kumsahau kahawa ikiisha, ila wakati huo sikujiuliza.) Yustina alikuwa anakaribia kumaliza kidato cha nne, Wolfram viatu vyake vilikuwa vinacheka, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni. Nikanyoosha mkono.

Nikasema, bosi, msimu huu kahawa imezidi mikono. Meza zimejaa, kahawa inarundikana mpaka inaanza kunuka, maganda huko nyuma yameziba mfereji, na sisi hatuwezi kuigeuza yote. Kwa nini kampuni isiite ngokela? Nikamweleza yote, tena kwa utaratibu, maana niliona anaandika: kwamba mwenyeji anaita, watu wanakuja wenyewe, mwenyeji anafanya kazi nao, ananawa nao, anaonja, halafu anasema atawarudishia. Nikamwambia wakati wa kulima ngolo kampuni inaweza kuwatoa watu wake siku moja moja waende kwenye vilima vya waliokuja. Alikuwa ananitazama kwa macho yanayong'aa.

"Kwa hiyo hawalipwi kabisa?" akauliza.

"Hawalipwi, bosi. Wanarudishiwa."

"Safi sana," akasema, akageuka ukutani, akaandika kwa herufi kubwa NGUVU YA JAMII.

Nilimwona kabisa pale alipoacha kusikia. Ni kama mtu anayekula embe akafika kwenye kokwa akaitupa. Lakini watu walikuwa wananipigia makofi, na nyie mnajua makofi yanavyofanya, nikaketi najiona mtu.

Nikapewa kazi ya kuita. Jumapili baada ya misa nikapita nyumba kwa nyumba, na nikaanza na Mzee Kastor, kwa sababu kwenye kilima chetu Mzee Kastor akisema ndiyo wengine hawaulizi tena. Nilimkuta uani ananoa jembe. Nikampa shikamoo, akanipa kigoda, nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho huku akiendelea kunoa, halafu akaniuliza swali ambalo huwa linaulizwa siku zote, wala siyo swali gumu.

"Wito wa nani?"

Nikasema wa kampuni. Akasema kampuni ikitaka watu huwa inaajiri. Nikasema hapana baba, safari hii ni ngokela kabisa, kampuni ndiyo mwenyeji. Akaniuliza kama kampuni ina mikono ya kunawa. Hapo ningeweza kunyanyuka nirudi kwa meneja nimwambie, bosi, wanataka uje mwenyewe uwaite. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini jua lilikuwa linashuka, nyumba zilikuwa bado nyingi, na kichwani nilikuwa nimeshajiona nimevaa kitambulisho cha kudumu shingoni. Nikaona nifupishe.

"Basi baba, chukueni kama wito wangu."

Akaacha kunoa. "Kama wako, au wako?"

"Wangu."

Ni hilo tu. Hilo neno moja. Akaitikia kwa kichwa, akasema watakuja, na kuanzia nyumba ile kila niliposimama mlangoni nilisema ni wito wangu, kwa sababu niliona linafungua milango haraka, na nikafika nyumbani mapema nikamwambia Yustina kwamba watu wote wamekubali. Yustina (ana akili kuliko mimi, na siyo kwa sababu ya shule) akaniuliza kama meneja anajua kwamba ataenda kulima. Nikamwambia anajua, nilimweleza mbele ya watu.

Siku ilipofika ilikuwa baridi ile ya Julai ya kwetu, ukungu umelala juu ya kahawa, na watu wakaanza kutokea ndani ya ukungu wakiwa na nyungo zao, majembe, makoleo, wanaimba. Walikuja wengi kuliko nilivyoita. Kampuni ilikuwa imefunga turubai, spika kubwa na bango, na mimi nikapewa fulana nyeupe iliyoandikwa MBUNIFU WETU kifuani. Iliyobaki ilikuwa saizi ya mwanaume mnene. Niliivaa juu ya sweta nikaonekana kama gunia lililosimama, lakini nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya, nilikuwa na furaha kama bibi harusi.

Tukaingia kazini. Mwenyeji hakuwepo, nikawaambia yuko njiani, tuanze. Wanawake wakashika meza, wanaume wakaenda kwenye maganda na mfereji, na kazi iliyokuwa imetushinda wiki nzima ikaanza kuyeyuka mbele ya macho. Meneja akaja jua likiwa limeshatoka, na gari la wageni kutoka makao makuu na wanunuzi, akavaa glavu, akasogea kwenye meza aliyokuwa Mama Kolumba, jirani yangu wa mlango wa pili, akageuza kahawa kwa mkono mmoja huku kijana wa kamera anampiga picha, halafu akavua glavu.

"Ndiye mwenyeji huyo?" Mama Kolumba akaniuliza.

Nikasema ndiye.

"Mbona anakoroga kama anaonja chumvi kwenye mboga?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikasema ana wageni leo, mama, mvumilieni. Nilikuwa nimeshaanza kuomba radhi na kazi hata haijaisha.

Ikaisha kabla ya mchana. Meza zote zimegeuzwa, mfereji unatiririka, maganda yamehamishwa yote kwenye shimo la mbolea. Watu wakaketi chini kwa makundi, kama tunavyoketi, duara duara, wakingoja sufuria. Sufuria haikuja. Likaja gari dogo lenye maboksi, na vijana wa kampuni wakaanza kumpa kila mtu boksi lake, ndani chipsi na kipande cha kuku na tishu. Mama Kolumba akaligeuza lake juu na chini.

"Huku mnakula kama mnasafiri?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeona kitu kibaya zaidi. Watu wote walikuwa wameweka maboksi mapajani, yamefungwa, wanangoja. Hakuna aliyefungua. Mtu wa kipaza sauti akasema jamani kuleni, msione haya, hiki ni chakula chenu. Akasema tena kwa utani, kwamba kuku ameshakufa hana tena ugomvi na mtu. Maboksi yakabaki yamefungwa. Mgeni mmoja akauliza kama wanasali, na kijana wa kampuni akasema ndiyo, huku watu ni wa dini sana. Wakawapiga picha wakiwa wamekaa hivyo, kichwa chini, boksi mapajani, wanamngoja mwenyeji aje anawe.

Na mwenyeji alikuwa anaelekea kwenye gari.

Nikamwuliza mlinzi meneja anakwenda wapi. Akasema wanashuka ziwani, wageni wameandaliwa samaki Mbamba Bay, mbasa wa kuchoma, wamepiga simu tangu jana. Jamani, mtu anaweza kuchelewa, anaweza kukosa kulima, hata chakula cha kwenye boksi watu wangekimeza. Lakini mwenyeji aondoke watu wameketi hawajanawa, aende kula kwingine, hilo sijawahi kuliona wala kulisikia, na kama lipo basi ni la mtu anayetaka kuhama kijiji.

Nikashika beseni. Nililiandaa tangu asubuhi, maji ya vuguvugu kwa sababu ya baridi, na taulo jipya. Gari likawasha. Nikaanza kutembea haraka, likaanza kuondoka, nikaanza kukimbia. Kutoka pale mpaka getini ni mteremko wa kokoto, kwa hiyo hata kama ningetaka kupunguza mwendo nisingeweza, maji yanaruka, fulana inanipiga magotini, taulo limeniziba jicho moja, nyuma yangu vilima viwili vya watu vinanitazama na spika inaendelea kupiga muziki. Wageni wakageuka, wakaniona kupitia kioo cha nyuma, wakanipungia mikono. Walidhani nawaaga.

Getini gari likasimama ili mlinzi wa pale afungue. Nikafika dirishani nahema kama mbwa.

Meneja akashusha kioo. Akasema, "Otilia, umeua kabisa leo. Tutaongea Jumatatu."

"Bosi, nawa tu," nikasema. "Nawa, uonje kidogo, useme neno moja, halafu uende. Watu wanakungoja."

"Tumechelewa, Otilia. Wageni wana njaa."

Wageni wana njaa. Nilibaki nimenyanyua beseni mpaka usawa wa dirisha, na dirisha la nyuma likafunguka, mama mmoja wa makao makuu akatoa mkono wenye pete, akachovya vidole ndani ya beseni, akacheka kwa upole, akajifuta kwa taulo langu begani hapohapo nilipo, akasema mila zetu ni nzuri sana. Kijana wa kamera akapiga picha. Geti likafunguka, gari likaondoka na vumbi, na vumbi likatulia juu ya maji yaliyobaki.

Nikapanda ule mlima. Kushuka niliruka, kupanda sijui nilichukua muda gani, ila najua walinitazama kila hatua mpaka nilipofika. Nilijaribu kujichekesha. Nikasema jamani, ameitwa kwa dharura. Mzee Kastor alikuwa ameshasimama.

"Mwenyeji ameondoka?"

"Ameondoka, baba."

"Hajaondoka," akasema. Hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali. "Mwenyeji ni wewe. Ulisema wito ni wako. Njoo unawe, watu wana njaa."

Nikanawa. Kwenye maji yenye vumbi, mbele ya watu wote, mikono yangu na mikono ya Mzee Kastor, halafu mwingine na mwingine mpaka maji yakawa tope. Nikafungua boksi langu. Chipsi zilikuwa zimepoa zimeshikamana, nikachukua moja, nikaila wakinitazama, na niwaambie ukweli sijawahi kutafuna kitu kirefu kama kile. Halafu ikabidi niseme. Nikasema nitakuja kwenu. Kwa kila mmoja aliyekuja, atakaponiita, nitakuja.

Mama Kolumba akaniangalia toka juu mpaka chini, mimi na maandishi yangu ya MBUNIFU WETU. "Kwa mikono mingapi?" akauliza.

Wakala. Hakuna aliyecheka tena.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja nikiwa bado nina matumaini, unaona mtu alivyo. Nikamwambia sasa tupange zamu za kurudisha. Akaniuliza kurudisha nini. Nikaeleza upya. Akanisikiliza vizuri kabisa safari hii, halafu akasema haiwezekani, kampuni haiwezi kupeleka wafanyakazi mashambani kwa watu, mtu akijikata na jembe nani atajibu, na makao makuu watauliza lipo kwenye mpango gani. Akasema, "Lakini si walikula, Otilia?" Nikamwambia walikula. Akasema basi tuko sawa.

Baadaye tukasikia amepewa tuzo, meneja anayewasikiliza wafanyakazi wake, na mwisho wa mwaka ikatoka kalenda ya kampuni, na mwezi wa nane ni mimi, mdomo wazi, beseni juu, na mkono wenye pete unachovya. Chini wameandika Pamoja na Jamii. Ajira ya kudumu ikawa bado inafikiriwa.

Halafu ukafika wakati wa ngolo. Kwetu anayedaiwa hawezi kuita. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila huwezi tu, miguu yenyewe haikupeleki kwenye mlango wa mtu. Nikamwachia Wolfram kilima chetu na jembe, achimbe atakapofika, na mimi nikaanza kwenda kwa watu. Nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio uleule niliowaitia. Yustina alipomaliza shule akaungana nami bila kuniuliza chochote, tukawa tunaondoka na giza na kurudi na giza. Wengine walinionea huruma, wakaniambia nenda nyumbani, siyo deni lako. Niliwajibu kwamba nilisema ni wangu, nikaendelea kulima. Wengine hawakunionea huruma, wakanionyesha sehemu yenye mawe. Mama Kolumba alinipa uji, akanikejeli tangu asubuhi mpaka jioni, na nilipoondoka akanifungashia mbegu za maharage (bado sijui nimweke kundi gani).

Mzee Kastor nilimwacha wa mwisho, kwa woga. Akalima nami ubavu kwa ubavu. Tulipofika mwisho wa shamba akafuta jembe kwa nyasi, akasema, "Hatukuja kwa ajili ya kahawa, mwanangu. Tulikuja kwa ajili ya baba yako na mama yako. Umewatumia wote wawili siku moja."

Nililia njia nzima. Wolfram alikuwa amefika robo ya kilima, mikono imechubuka, na nyasi za juu zilikuwa zimeshanipita kimo. Hapo ndipo tulipopanda maharage mwaka ule, kwenye robo, na kilichobaki tulinunua kwa kibarua changu mpaka sahani za nyumbani zikawa ndogo. Mwaka uliofuata niliita. Walikuja, siyo wote. Mzee Kastor alikuja. Waliokosekana siwalaumu.

Meneja naye aliniita msimu wa kahawa ulipoanza. Alikuwa na mkataba mezani, wa kudumu kweli, una jina langu lote, na cheo kirefu kinachohusu jamii. Akasema makao makuu wamependa sana, mwaka huu wanataka watu wengi zaidi, watakuja na wageni wa nje, kazi yangu ni kuita tu. Niliusoma wote. Nikafikiria viatu vya Wolfram. Nikamwambia nitaweka sahihi siku atakapokuja kulima mteremko mmoja, mmoja tu, wa mtu yeyote atakayemchagua mwenyewe, anawe, aonje, aseme. Akacheka mpaka akaona sicheki.

"Otilia, wewe nawe unapenda mambo ya kizamani," akasema, akaurudisha mkataba kwenye droo. Nikarudi kwenye meza yangu ya kahawa, kibarua kama kawaida.

Kuita watu nitaita tena, kwa kilima changu na kwa msiba wangu ukinifika. Lakini kumwitia mtu ambaye sijamwona akinawa, kinywa changu hakifanyi tena kazi hiyo, hata kwa mkataba wa dhahabu. Nimeapa, na Yustina ni shahidi.

Na wazo jingine ninalo. Ni zuri kuliko lile. Manyunyu yakija ghafla tunakimbia watu wanne kila meza kutandaza turubai, na nimeshagundua namna ya kulifunga kwenye mwanzi ili mtu mmoja alikunjue peke yake kwa kuuviringisha mwanzi toka upande mmoja mpaka wa pili, nimejaribu nyumbani kwa mkeka wa maharage na linakwenda vizuri kabisa. Jumatatu iliyopita meneja alitukusanya tena kwenye ghala, karatasi za rangi zikiwa mpya, akauliza nani ana wazo, akanitazama mimi moja kwa moja akitabasamu, na watu wote wakageuka. Nikanyoosha mkono, nikaomba ruhusa niende chooni, nikakaa huko mpaka kikao kikaisha.